Mjomba wa Kubeba Blanketi

Ninyi wa benchi la Msasani, hapa Tukuyu, mmenichosha. Kila nikifungua duka mnanikalia mlangoni. "Lusajo, Malawi kukoje? Ni kweli shemeji yako alimgeuzia mkwe mgongo? Ni kweli alikwenda Msumbiji kukojoa?" Kila mmoja ana toleo lake, na mwingine anaongeza chumvi mpaka mboga haiingii mdomoni. Basi nimeandika yote, msome wenyewe, mniache niuze spea za baiskeli kwa amani.

Mnajua mnavyoniita: Profesa. Ni kwa sababu ya chemsha bongo za redioni. Mtu akiulizwa mji mkuu wa Burundi anasema Bujumbura, mimi nasema Gitega, nakunywa soda yake. Akiulizwa Zambia ina majirani wangapi anabaki anahesabu vidole, mimi nasema wanane, sawasawa na sisi. Nchi mbili jirani zetu ambazo fedha zao zina jina moja? Zambia na Malawi, zote kwacha. Nilidhani hayo ndiyo kuwajua majirani. Jamani, nilikuwa sijui kitu.

Safari yenyewe mnajua ilikuwa ya nini. Mpwa wangu Ambakisye, mtoto pekee wa dada yangu Tupoki, alikuwa amepata mchumba Malawi, upande wa Dedza, ambako ana gereji yake ya magari. Baba yake alifariki Amba akiwa darasa la tatu. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kutolewa siku nyingi, kwa hiyo mtoto akawa wa ukoo wa baba. Walikuja watu wa Suma wakamchukua, na dada akarudi kwetu Kyimo na sanduku lake. Hakuna aliyekosea, ndivyo kwetu kulivyo. Mjomba kwetu ni mtu wa kuletewa kuku Krismasi, si wa kuulizwa neno.

Kwa hiyo wa kuongoza posa alikuwa baba yake mdogo, shemeji Anyosisye wa Suma, mwenye chai na ng'ombe na kofia. Mimi sikuwemo. Lakini Amba alisema kwenye simu, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu: "Baba mdogo, usije bila mjomba." Shemeji akaguna, halafu akalitazama begi la zawadi. Ndani mlikuwa na blanketi mbili nzito za wakwe, vitenge, na majani ya chai ya kwetu. Akasema, "Haya, shemeji, utanisaidia begi."

Dada Tupoki alinisindikiza mpaka barabarani pale Kyimo. Aliniambia maneno haya, na ndiyo niliyoyabeba kuliko blanketi: "Kaka, najua huna neno kule. Ila macho unayo. Mwangalie mwanangu kama anarudi. Kwanza walimchukua Suma, sasa wanamchukua Malawi. Mimi nilizaa kwa ajili ya nani?"

Nilimwambia tu begi ni zito, ngoja niliweke chini.

Kushuka mpaka Songwe

Kutoka Tukuyu kwenda Kyela unajua mwenyewe: unaondoka na sweta, unafika ukitafuta pa kulitupia. Shemeji hakuvua koti. Alisema mtu anayekwenda kuposa havui koti njiani.

Kasumulu, pale mpakani, tulikaa sana kusubiri, sikumbuki hata tulikuwa tunasubiri nini. Mama mmoja aliyekuwa anauza mahindi ya kuchemsha akatupa vigoda. Nikaona nianze uprofesa wangu, nikamwambia shemeji, kwa sauti ya watu wote kusikia, kwamba mpaka wetu na Malawi upande huu ni mto Songwe, kwa hiyo ni mpaka wa kudumu, kazi ya Mungu.

Yule mama akacheka mpaka akashika mfuniko wa sufuria. "Wa kudumu! Baba, huo mto unahama. Ukifurika unachagua njia mpya. Shamba la mpunga la marehemu baba yangu lilikuwa Tanzania. Mvua ikanyesha, tukaamka liko ng'ambo, Malawi. Halikusogea hata hatua moja."

"Sasa ni la nani?" nikauliza.

"La mwenye jembe," akasema, akanipa hindi.

Nikalila mpaka gunzi. Tukavuka daraja, na simu yangu ikarudi nyuma saa nzima bila kuniuliza. Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja. Hilo nilikuwa nimewahi kulijibu redioni, lakini kulijibu na kuliona mkononi ni vitu viwili. Nikamwambia shemeji arekebishe saa yake. Akakunja uso. "Saa ya Rungwe haiamriwi na daraja," akasema, na hakuigusa safari nzima.

Karonga, tulikokosa basi kwa kujua kuhesabu

Karonga tulishuka tukiwa tumejiandaa kwa Kiingereza cha kuombea maji. Shemeji, kwa mazoea tu, akamsalimia mwanamke wa kibanda cha chakula: "Mugonile." Yule mama akapiga goti kidogo, akajibu vilevile, akauliza habari za ng'ombe na za mvua, yote kwa lugha ambayo kwa masikio yangu ni Kinyakyusa, ila kimekaa juani zaidi. Wao ni Wangonde. Tumekuja nchi ya watu, na lugha ya bibi yangu imetangulia kutupokea! Shemeji akanenepa palepale. "Umeona? Huku ni kwetu tu. Mila ni moja. Wala usiwe na wasiwasi."

Tukaagiza wali. Ulikuwa unanukia kweli, na shemeji, ambaye husema hakuna mchele duniani kushinda wa Kyela, akauliza unaitwaje. "Kilombero," akajibu mama.

"Ahaa, umetoka Morogoro."

"Hapana, umelimwa hapa Karonga."

"Mbegu, labda."

"Jina lake Kilombero. Ni mchele wetu."

Shemeji akanitazama kama vile mimi ndiye niliyeubatiza. Nikasema sijui. Ndiyo mara ya kwanza mlinzi wa heshima ya benchi letu kusema neno hilo, na nililirudia sana baadaye.

Jioni hiyo tuliuliza basi la kwenda Lilongwe linaondoka kesho saa ngapi. Kijana wa stendi akatuonyesha vidole saba. Saba! Shemeji akasema basi tuna muda, saa saba mchana si mchezo. Tukalala, tukaamka, tukanywa chai na mandasi, ambayo ni maandazi, tukafika stendi kwa maringo. Kulikuwa na mbuzi wawili na kibao. Basi lilikuwa limeondoka asubuhi. Wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saba yao ni saa moja ya asubuhi. Na hata tungejua hilo tungekosea, tungefika saa nzima kabla, maana saa moja yao kwenye mkono wa shemeji ni saa mbili. Nilijaribu kumweleza mara mbili, mara ya pili nikapotea mimi mwenyewe katikati.

Yule mama wa wali akatuhurumia, akatuchukua kwake. Tulikwenda kwa baiskeli za kukodi, zile wanazoziita kabaza. Nitakufa nikimkumbuka shemeji Anyosisye amekaa kwenye keria, koti, kofia, miguu imening'inia, anawapungia watu mkono.

Kwake tulipewa ugali wa muhogo, mweusi na wa kunata, unang'ang'ania kidole kama gundi, pamoja na usipa, dagaa wa ziwani. Wakati wa kula akatuuliza tunakwenda wapi. Shemeji akaeleza: Dedza, kuposa, kijana wetu amepata binti wa Kichewa.

Mama akaacha kumega. "Kwa Wachewa? Mmemchukua mjomba?"

"Tunaye huyu," shemeji akasema. "Anabeba begi."

Yule mama akanitazama mimi, akamtazama shemeji, akakimbilia kikohozi. Kisha akachukua usipa kutoka upande wake, akaniwekea mimi. "Basi mlishe vizuri," akasema. Nikadhani ni ukarimu tu.

Kando ya ziwa lenye majina

Safari hii tuliwahi mpaka dereva akatushangaa. Basi linafuata ziwa, maji kushoto yako, kilima kulia. Jirani yangu alikuwa kijana mwenye fulana ya mpira, Kiswahili chake cha Karonga kinaeleweka vizuri. Nikaona nianzishe urafiki, nikasema, "Ziwa Nyasa linapendeza."

"Ziwa gani?"

"Nyasa. Hilo."

"Hilo ni Ziwa Malawi."

Nikamwambia sisi tuna ramani. Akasema na wao wana ramani. Ndugu zangu, basi zima likaingia. Mbele kule mtu akasimama kutetea, nyuma mwingine akawa anatafsiri, na shemeji akaamka akauliza nani amekufa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni ndiye aliyetutuliza. Akasema usipa wenyewe hawajui wanaogelea la nani. Halafu akaongeza kwamba nyasa ni neno la watu wa huku la zamani, maana yake ni ziwa.

Nikalipiga hesabu. Kwa hiyo maisha yangu yote nimekuwa nikisema Ziwa Ziwa.

Kijana wa fulana alipoona nimenywea akanichimba zaidi. "Haya, mzee, visiwa gani ni vya Malawi lakini vimezungukwa na maji ya Msumbiji?" Mimi, Profesa! Nikatafuta kichwani, nikapata Pemba, ambayo hata haihusiki. Akasema Likoma, na kadogo kenzake Chizumulu. Watu wa huko wakitazama mashariki asubuhi wanaona Msumbiji hapo jirani, na bado ni Wamalawi. Nikamuuliza inakuwaje. Akasema wamisionari walikaa pale zamani, halafu wakubwa walipogawana, ikabaki hivyo. "Mtu hakai kule ramani inakotaka," akasema. "Anakaa alikotoka mama yake."

Nilidhani ni msemo.

Mzuzu basi lilisimama. Nikasikia wanauza zitumbuwa, mate yakanijaa, maana vitumbua vya Msasani mnajua ninavyovipenda. Nikanunua mfuko mzima. Nauma, ndizi! Ndizi mbivu iliyopondwa na unga ikakaangwa. Mtu nimetoka Rungwe, ambako ndizi zinakuangukia, nimesafiri siku zote hizo nikanunue ndizi. Shemeji akala zote. Alisema njaa haina taifa.

Dedza, na barabara yenye nchi mbili

Dedza kulitupokea kwa baridi na ukungu na viazi mviringo, mpaka nikahisi tumezunguka tukarudi nyumbani. Amba alikuwa stendi. Amekuwa mtu mzima, ana mabega. Alimsalimia baba yake mdogo kwa heshima zote, halafu akanikumbatia mimi na hakuniachia haraka. "Mjomba, umekuja kweli," akasema mara mbili. Kisha akaninong'oneza: "Tupite sokoni. Nunua jogoo. Umshike wewe, usimpe baba mdogo."

"Wa nini?"

"Umshike tu, mjomba."

Shemeji alipoona jogoo alichukia. Kuposa na kuku mmoja! Watu watatuona mafukara. Yeye alikuwa na ng'ombe, na kwa kuwa ng'ombe hawapandi basi, alikuwa amewapiga picha wote kwenye simu, mmoja mmoja, wa mbele na wa ubavuni.

Tukaenda kwa gari la gereji. Kijijini tuliposhuka, shemeji alikuwa amebanwa, akavuka lami mbio kwenda nyuma ya mti. Amba akapiga kelele, "Baba mdogo, umeshaingia Msumbiji!"

Mimi nilicheka nikijua ni utani. Haukuwa utani. Pale barabara ndiyo mpaka. Upande huu wa lami ni Malawi, upande ule ni Msumbiji, na maduka yanatazamana nchi mbili. Familia ya mchumba nyumba yao iko huku na shamba lao la viazi liko kule. Asubuhi wanakwenda nchi ya nje kuchimba viazi, mchana wanarudi nyumbani kula. Shemeji alirudi anafunga mkanda, amekasirika kama mtu aliyeonewa. Alisema nchi isiyo na mlango si nchi.

Mtu mmoja wa umri wa kati, koti limechanika kwapani, buti za mpira zina udongo, alikuwa amesimama getini akitutazama. Shemeji akamwonyesha gari kwa kidole: mabegi. Yule mtu akatabasamu, akaenda akalichukua begi moja. Lile la blanketi nikalibeba mimi, kwapa la pili nina jogoo. Tukaingia.

Ndani

Sebule ilijaa. Baba wa binti alikuwa mzee mwenye mvi, suti ya kijivu, mtulivu. Mkalimani wetu alikuwa mama mkubwa wa binti, ambaye hufuata vitenge Tunduma na Kiswahili chake ni cha sokoni, hakina kona. Mimi nikakaa karibu na mlango na jogoo wangu. Mtu wa buti za mpira akakaa mlango wa pili, akimenya muwa kwa kisu.

Shemeji alisimama. Siwezi kumnyima haki yake: alisema vizuri. Alitaja ukoo, akataja marehemu kaka yake, akataja chai na mlima, halafu akatoa simu akaanza ng'ombe. Huyu ni mama wa wale wawili. Huyu ana maziwa. Huyu mkali kidogo lakini moyo wake safi. Baba wa binti akavaa miwani, akawatazama mmoja mmoja, akasifu. Kisha akasema neno, na sebule nzima ikaguna kwa adabu.

Mama mkubwa akatafsiri: "Anasema ng'ombe ni wazuri sana. Ila anauliza, mbona unamwonyesha yeye? Yeye hapa ameoa tu. Na yeye ni mgeni kama wewe."

"Mgeni vipi? Si binti yake?"

"Amemzaa, ndiyo. Lakini hapa ni kwa mke wake. Kwao ni kule ng'ambo ya kilima. Amekaa hapa mpaka mvi zimeota, bado ni mgeni."

Mimi kichwani nilikuwa naona lile shamba la mpunga la Kasumulu. Kabla hatujapata pumzi, mlango wa ndani ukafunguka. Chikondi mwenyewe akaingia, amejifunga kitenge, amebeba beseni na jagi la maji ya kunawa. Msichana mzuri, mpole. Akaja moja kwa moja mbele ya shemeji Anyosisye, akapiga magoti.

Hapo ndipo Unyakyusa ulipotuangusha. Ninyi mnajua: kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Mababu zetu walikuwa wanapishana njia kabisa, mmoja anaingia migombani mwenzake apite. Vijana wa sasa wameacha, lakini shemeji ni mtu wa Suma, wa zamani. Alipoona mkwe yuko magotini pake aliruka kama aliyemwagiwa uji, akageuka, akaweka uso ukutani na kofia juu ya jicho.

Chikondi akabaki na jagi juu. Halafu akaliweka chini taratibu, akatoka, na tukamsikia kule jikoni akilia kwa sauti. Wanawake wakasimama. Amba alikuwa amepauka kama majivu. Mama mkubwa akaniambia bila kuzunguka: "Amemkataa mtoto wetu mbele ya watu. Mmetoka Tanzania kuja kututukana?"

Ndipo yule mtu wa buti za mpira akaweka muwa chini. Alisema kwa sauti ndogo, na wote, hata mzee wa suti, wakakaa. Huyo ndiye aliyekuwa mwenye neno! Ni kaka wa mama yake Chikondi, malume wake, mjomba. Mtu ambaye shemeji alimtuma mabegi.

"Anauliza," mama mkubwa akasema, "huyu kijana mjomba wake yuko wapi? Yeye hazungumzi na wengine."

Amba akanitazama. Sebule nzima ikafuata macho yake mpaka mlangoni, kwangu na jogoo wangu. Nikageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu mwingine.

"Ni mimi," nikasema.

Wakanipa kiti cha katikati. Nikaanza na lililokuwa linaungua. Nikasema shemeji yangu hajakataa mtu. Kwetu, mkwe ni mtu wa heshima kubwa mno, kiasi kwamba baba hathubutu kumtazama. Angemkodolea macho ndiyo angekuwa amemtukana. Ule mgongo mliouona, kwetu ni kusema ndiyo.

Mama mkubwa akatafsiri, akasita, akaniuliza, "Hamtazami mpaka lini?"

"Wa zamani, mpaka kufa."

Malume akaanza kucheka, wakacheka wote, na kutoka jikoni nikasikia kilio kimegeuka kicheko chenye kamasi. "Watu wa ajabu ninyi," akasema mama mkubwa. Eti sisi!

Malume akaeleza ya kwao. Hawataki ng'ombe. Kijana atajenga hapa, kwa mke. Watoto watakuwa wa ukoo wa mama, na yeye mjomba ndiye atakayewasimamia. Niliona uso wa dada yangu pale barabarani. Nikamuuliza mama mkubwa, hivi hakuna njia ya mume kwenda na mke kwao? Akasema ipo, wanaiita chitengwa, mke kuchukuliwa kwa ruhusa. "Ila anaomba mjomba kwa mjomba. Baba haombi."

Nikaomba nitoke na mpwa wangu. Tulisimama penye marundo ya viazi.

"Ungeniambia mapema!" nikamwambia.

"Ningemwambiaje baba mdogo kwamba hana kiti? Ndiyo maana nilisema usikose."

"Sasa wewe unataka nini? Sema kweli, maana mimi hata nilipo sipajui."

Alikuwa anabonyeza kiazi kwa buti. "Nataka kurudi, mjomba. Chikondi tumeshaongea, anakubali. Lakini si Suma. Nikirudi Suma watanipa shamba la baba, na mama atabaki Kyimo ananisikia kwenye simu, kama ilivyokuwa nikiwa mtoto. Nataka kurudi kwa mama."

Nikaingia ndani nikaomba. Malume akaniuliza swali moja tu: "Unampeleka wapi binti yetu? Kwa nani?"

Nikaona mdomo wa shemeji unaumba Suma. Nikawahi. "Kyimo. Kwa dada yangu, mama yake kijana."

Malume akatikisa kichwa kwamba sawa. Kwao halikuwa hata neno la kujadili, mjomba angempeleka wapi kwingine? Lakini shemeji alikuwa amesimama. "Mtoto ni wa Suma! Ng'ombe walitolewa! Huyu hana mamlaka!"

Ilitafsiriwa yote. Hakuna aliyekasirika. Walimtazama kwa huruma tu. Mzee wa suti ya kijivu akanyoosha mkono, akamvuta koti shemeji yangu taratibu. Mama mkubwa akatafsiri kwa kunong'ona: "Anasema, kaa, mwenzangu. Utazoea."

Shemeji akakaa. Nikamkabidhi malume jogoo. Yeye akanipa tetea. Ndivyo wanavyofunga neno, kuku kwa kuku, na vigelegele vikapanda mpaka nadhani Msumbiji walisikia.

Kupanda tena mpaka Kyimo

Dedza mpaka Karonga shemeji alijifunika kofia usoni. Yule mama wa wali alitupokea tena, na nyama ya kwanza akaniwekea mimi, safari hii bila kukohoa. Tulipovuka Songwe simu yangu ikaruka mbele, na saa ya shemeji ikawa sahihi bila kuguswa. Akaitazama, akanitazama. "Shemeji," akasema, "mambo ya kule yamebaki kule."

Nikaogopa, sitaficha. Huku niko tena mtu wa kuletewa kuku. Suma wakikaa kikao, neno langu litasimamia wapi? Nikapanda kile kilima cha Tukuyu nimebeba begi tupu na bado naliona zito. Nilikuwa nimemwahidi mpwa kitu kwa sheria ya watu wengine.

Kyimo tulimkuta Tupoki nje anamenya ndizi za mbalaga. Hakuuliza habari za safari. Alitazama nyuma yetu kama kuna wa tatu.

"Mmemwacha," akasema.

"Anakuja," nikasema. "Wakimaliza kuchimba viazi. Na mkeo, namaanisha mkweo."

"Suma."

"Hapana. Hapa. Kwako."

Kisu kikasimama. "Nani kasema?"

Nikamgeukia shemeji Anyosisye. Alikuwa amesimama na koti lake lenye vumbi la nchi tatu, anavua kofia taratibu, anaitazama ndani kana kwamba kuna maandishi. Nilimwona anatafuta njia ya kutokea. Lakini alikuwa ndani ya sebule ile, na kuku walibadilishanwa mbele ya macho yake, na mtu wa Suma halambi neno lililosemwa kwa wakwe.

"Mjomba wake kasema," akajibu.

Dada yangu alinitazama muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Kisha akaanza kulia huku anacheka, akaingia ndani, akatoka na kiti. Kiti kimoja. Mimi na shemeji tulikuwa wageni wawili, nikasogea pembeni ili mkubwa akae, kama ilivyo desturi.

"Wewe," Tupoki akasema, akininyooshea kidole. "Kaa."

Nikakaa. Shemeji akatafuta kigogo, akakifuta vumbi kwa kofia, akakaa pembeni yangu, akauliza ndizi zitaiva lini.